Safari Iliyokuwa ya Mama Saru

Nilikwenda Birmingham kwa sababu mwanamke mwingine hakwenda. Wengi walionisindikiza siku ile pale Wundanyi hawakulijua hilo, au walilijua wakanyamaza, nami kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia safari hii nikianzia kwenye ndege. Leo naianzia panapostahili, yaani kwenye ofisi ya chifu.

Kikundi chetu cha akina mama wasukaji wa vikapu kilikuwa na wanachama kama arobaini, nami nilikuwa katibu wao. Sikuwa msukaji. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimekulia shule ya bweni kwa masista, na kazi yangu kikundini ilikuwa kuandika: majina ya waliohudhuria, barua za kwenda Nairobi, na barua za wanachama wasiojua kusoma. Niliyemwandikia zaidi ni Mama Saru. Jina lake hasa lilikuwa Mghoi, mjane wa makamo, na kwa mkonge hapakuwa na mkono kama wake katika milima yote ya Taita. Aliusokota uzi pajani mpaka ukawa mwembamba kama wa kushonea, akachemsha magome mwenyewe kupata rangi, na kikapu chake kilibana hata ukitia maji yalichukua muda kuanza kuvuja. Binti yake, Saru, alikuwa amekwenda Uingereza kusomea uuguzi, akapata kazi hospitali ya Birmingham, akazaa mtoto wa kike huko huko. Miaka tisa ilikuwa imepita. Kila mwezi Mama Saru alikuja kwangu, akaketi kizingitini pa jikoni, nikamsomea barua ya Saru, kisha akaniambia la kujibu.

Barua ya Nairobi ilifika katikati ya miaka ya sabini. Ilitoka katika ofisi moja iliyokuwa ikishughulikia maonyesho ya ng'ambo, nayo ilisema nchi yetu ingekuwa na banda katika maonyesho ya mataifa huko Birmingham, na kwamba alitakiwa mwanamke mmoja wa kusuka mbele ya watazamaji. Sijamaliza kuisoma, kikundi kizima kilikuwa kimekwisha kumtaja Mama Saru.

Jioni ile alikuja kwangu, na hakuketi.

"Mwalimu, mwandikie Saru kwamba nakuja. Mwambie aje pale kwenye banda letu anitafute, maana mimi sitajua pa kumtafuta. Amlete na mtoto."

"Na habari ya macho nimwandikie?"

"Hayo usiyaandike. Ataniona mwenyewe."

Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, na la kulia lilianza kufuata. Kwa miaka miwili alikuwa amenikataza kumwambia Saru. Niliandika kama alivyotaka, nikaipeleka barua posta kesho yake.

Wiki chache baadaye afisa wa ile ofisi alikuja kumtazama. Tukaitwa kwa chifu, Mama Saru kwanza, mimi nikiwa mkalimani. Alipoingia bega lake liligonga mwimo wa mlango. Afisa alimwuliza jambo kwa Kiingereza. Mama Saru akageuka kunitazama mimi. Basi akaambiwa akangoje nje.

"Huyu mama ataanguka kwenye ngazi za ndege," afisa akasema. "Na Wazungu wakimwuliza swali, atajibu nini?" Akanitazama viatu, akanitazama nywele. "Wewe Kiingereza chako ni kizuri. Unajua kusuka?"

Kila msichana wa milima yetu anajua kuanza kitako cha kikapu. Mimi niliachia hapo hapo, nikiwa na miaka saba. Ningeweza kusema hivyo. Ningeweza kusema kwamba mama yule akipewa mtu wa kumshika mkono atafika salama. Tangu siku ile nimetunga majibu mengi mazuri. Nililotoa lilikuwa moja.

"Ninajua," nikasema.

Akaandika jina langu. Nilipotoka nilimwambia Mama Saru kwamba ofisi imesema macho yake hayaruhusu, na kwamba safari nyingine watamfikiria. Alikuwa akijifunga leso upya, akachukua muda mrefu kuifunga.

"Basi mwandikie Saru asije kunitafuta," akasema.

"Nitamwandikia."

Sikumwandikia. Mara tatu nilikaa na kalamu, na mara tatu nilifika mahali pa kusema ni nani anayekuja badala ya mama yake, nikaiweka chini. Nilijipa moyo kwamba Birmingham ni mji mkubwa, wauguzi wana zamu, huenda asije.

Voi nilipanda treni ya usiku, na asubuhi nikawa Nairobi, ambako afisa alinikabidhi nguo za kazi. Zilikuwa sketi ya ngozi yenye shanga na pete kubwa za shingoni ambazo hakuna mwanamke wa Taita aliyepata kuzivaa.

"Sisi hatuvai hivi," nikamwambia.

"Huko hawajui tofauti," akanijibu, na akanipa kikapu cha Mama Saru kilichofika nusu, na kingine chake kilichokamilika, kikubwa, ambacho kingewekwa cha kutazamwa. Nusu ile ndiyo ningekuwa nikiimalizia mbele ya watu.

Ya ndege sitayarefusha. Nilikaa dirishani, nikaona jangwa likipita chini kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, nikasahau kwa saa kadhaa kwamba nilikuwa nimekalia kiti cha mtu. Londoni tulishuka mvua ikinyesha, mvua isiyo na radi wala haraka, tukapanda treni kwenda Birmingham.

Birmingham niliiona kwanza migongo yake. Treni iliingia ikipita nyuma ya viwanda, matofali meusi, mabomba ya moshi, nyua ndogo zenye nguo ambazo sikuelewa zingekauka lini. Ilikuwa mwezi wa tatu. Afisa alikwenda hotelini. Mimi nilipelekwa Saltley, kwenye mtaa wa nyumba zilizoungana mwanzo hadi mwisho, mlango kwa mlango, hata nikahesabu madirisha ili nisije nikapotea nikitoka.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kisingasinga, Mama Surjit, aliyeondoka Kenya miaka ile ya mwisho ya sitini wakati wengi wao walipokuwa wakiondoka. Alifanya kazi katika kiwanda cha vyuma huko Tyseley na kukodisha chumba cha juu. Sikutarajia aliponifungulia aniambie, "Karibu dada, ingia haraka, baridi iko ndani ya mifupa." Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na jikoni, chepesi, bila kusitasita. Akanipa chai ya maziwa yenye tangawizi, ya kwetu kabisa, akakaa mbele yangu na kuniuliza habari za Nakuru kana kwamba nilikuwa nimeitoka asubuhi ile.

"Ile miti ya maua ya zambarau iko bado? Duka ya baba yangu ilikuwa hapo kona. Mimi nilizaliwa juu ya duka."

Nilimwambia sijui, mimi ni mtu wa Taita. Akatikisa kichwa polepole.

"Hapa kiwandani wananiambia rudi India," akasema. "India mimi nimefika mara moja, kwa harusi, nikaugua tumbo."

Asubuhi ya kwanza ya maonyesho tulifika kabla milango haijafunguliwa. Nikapata saa nzima ya kutembea peke yangu katika kumbi zile, na hiyo ndiyo saa ninayoikumbuka kwa uzuri. Wenyeji walikuwa wamechukua ukumbi mzima wa mbele. Waliweka magari yaliyong'arishwa hadi ukajiona uso, na injini moja iliyokatwa katikati ili watu waone inavyopumua. Wajapani walikuwa na televisheni zisizozidi ukubwa wa kitabu, na wasichana waliokuinamia hata kama umekuja kuuliza njia. Warusi waliweka trekta jekundu lililozidi nyumba yangu kimo na picha za watu waliokwenda angani. Mzee mmoja wa banda lile alinibandika beji kifuani, akanipigia saluti. Waswisi walitundika saa ukuta mzima, zote zikienda pamoja, na ukisimama pale kidogo unajisikia umechelewa. Wahindi walikuwa na shaba, hariri, na pampu za maji walizotengeneza wenyewe, nao walizisimamia zile pampu kwa fahari zaidi kuliko hariri.

Banda letu lilikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa vyoo. Fundi wa Birmingham alikuwa ametujengea kibanda cha nyasi. Ndani mlitandikwa ngozi ya punda milia, ukutani picha za tembo na pwani, kwenye meza pakiti za chai na kahawa, na kinanda cha kanda kikipiga ngoma ile ile tangu asubuhi hadi jioni. Hapakuwa na shule hata moja katika picha zile. Hapakuwa na daktari, reli, wala mtu aliyevaa shati. Mataifa mengine yalikuwa yamekuja kuonyesha yatakavyoishi kesho. Sisi tulikuja na jana, tena jana ambayo mimi binafsi sikuwahi kuiona. Mbele ya kibanda paliwekwa kigoda. Hicho kilikuwa changu. Kando yake palikuwa na kikapu kile kikubwa, na kadi iliyochapishwa: kazi ya mikono ya Wakesho wa Taita. Wakesho ni mimi.

Nilimwomba afisa aiondoe kadi. Akaniambia imekwisha kuchapishwa.

Kisha akaja Mwingereza mmoja, mtaalamu aliyekodiwa kupamba mabanda, akanisikia nikimsalimu mgeni kwa Kiingereza. Akamvuta afisa kando. Afisa aliporudi aliniambia kwa upole sana kwamba tangu sasa nisiongee na wageni. Msukaji anayesema Kiingereza kama mwalimu anaharibu picha. Nisuke tu, nitabasamu, maswali atajibu yeye.

Nilikaa kwenye kigoda kile nikiwa nimeshika nyuzi za Mama Saru, nikafikiri jambo hilo hadi saa ya chakula. Kiingereza ndicho kilichonipa nafasi yake, nami nilikuwa nimeambiwa nisikitumie. Kusuka ndiko kulikotakiwa, nami sikukujua. Angekuja yeye, angekaa pale pale bila kusema neno, na vidole vyake vingewaambia watu kila kitu.

Siku zile za kwanza nilisogeza vidole tu. Nilipitisha uzi, nikauvuta, nikausukuma, na mistari yangu ikatoka imelegea, imepinda kama barabara ya Mwatate. Hakuna aliyegundua. Mama mmoja mwenye kofia alimwuliza afisa, akiwa amesimama futi mbili kutoka kwangu, "Anaelewa tunachosema?" Afisa akacheka kidogo akasema naelewa kiasi. Mimi niliyekuwa nikifundisha Kiingereza darasa la saba nikatabasamu kama nilivyoagizwa.

Banda la jirani lilikuwa la nchi moja ya Amerika ya Kusini, na mbele yake alisimama kijana aliyevaa blanketi la sufu lenye tundu la kichwa, akipuliza filimbi za matete. Siku ya pili, wakati wa chai, nilimwuliza kwao ni milimani kiasi gani.

"Nasomea udaktari wa meno, Leeds," akanijibu. "Filimbi hizi nimefundishwa wiki iliyopita. Na wewe?"

"Mwalimu."

Tukacheka hadi tukapaliwa. Halafu kengele ikalia, kila mmoja akarudi kwenye uongo wake.

Alhamisi Mama Surjit alipata siku ya mapumziko, nikampa tiketi. Alikuja amevaa vizuri, mtandio wa hariri mabegani, akazunguka mabanda yote. Aliyapita ya Wahindi bila kusimama. Kwetu alisimama muda mrefu mbele ya picha ya ziwa la Nakuru lenye ndege wa waridi. Afisa akamsogelea na karatasi ya watalii, akamwambia kwa Kiingereza, "Nchi nzuri sana, mama. Umewahi kufika?"

Mama Surjit akamjibu kwa Kiswahili. "Nyuma ya hii kamera kuna barabara, na barabara inapanda mpaka shule yangu. Baba yangu alipokufa alichomwa moto hapo, na majivu yake tulimwaga kwenye maji hii." Akaipokea karatasi, akaikunja, akaitia mkobani.

Tulipokuwa tukirudi Saltley kwa basi aliniambia, "Dada, banda zote nimeona. Ya kwangu sikuona." Nikamshika mkono hadi kituo chetu cha barabara ya Alum Rock.

Jumamosi ilijaa watu kuliko siku zote. Ilikuwa kama saa tano nilipoona mwanamke Mwafrika akija kati ya umati, koti la bluu limefungwa vifungo vyote, viatu vyeupe vya uuguzi, na mtoto wa kike wa miaka mitano hivi mkononi. Alikuwa akitazama juu ya vichwa vya watu, akitafuta. Nilimjua kabla hajafika. Paji la uso lilikuwa la mama yake.

Alisimama mlangoni pa kibanda, akachungulia ndani, kisha akanitazama, akatazama ndani tena.

Mtoto akamvuta koti. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya watoto wa mji ule, "Mama, huyu ndiye bibi yangu?"

"Hapana," akasema Saru. Kisha akaniambia kwa Kitaita, lugha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Voi, "Mama yangu yuko wapi?"

"Hakuja," nikasema.

"Anaumwa?"

"Yuko salama. Ofisi ilimkataa."

"Ilimkataa lini?"

Alikuwa amekwisha kuiona kadi. Akaisoma, akanitazama nguo zile, pete zile za shingoni.

"Wewe ndiye Mwalimu," akasema. "Ndiye unayeniandikia."

"Ni mimi."

"Uliniandikia kwamba anakuja. Nimebadilishana zamu na watu watatu. Mtoto huyu hakulala jana. Mbona hukuniandikia kwamba haji?"

Watu walikuwa wamesimama wakitutazama wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Nilisema kweli, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine kilichobaki. "Niliona haya."

Hakupandisha sauti. Aliinama akachukua kikapu kutoka mapajani mwangu, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mistari kutoka kitakoni kupanda juu. Palipoanza kazi yangu kidole kikasimama.

"Mpaka hapa ni mama," akasema.

Akaketi kwenye ngozi ya punda milia, koti lake likiwa bado limefungwa, akaanza kufumua. Alifumua kazi yangu yote ya siku tano. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa nyuzi, naye akaanza kusuka pale mama yake alipoachia. Hakuwa na kasi mwanzoni, miaka tisa ni mingi. Lakini baada ya mzunguko mmoja vidole vilikumbuka. Mtoto akachuchumaa kando yake. Watu wakazidi kukusanyika, mtu wa gazeti akapiga picha, na walipoona mstari unavyojifunga wakapiga makofi, makofi ya kwanza kusikika kwenye banda letu tangu lifunguliwe.

Afisa akaja mbio. "Huyu dada ni nani? Anaweza kuja kila siku?"

Saru akasimama, akajipangusa koti. "Mimi ni mtoto wa mwanamke aliyesuka hiki, na hicho kikubwa pia. Mghoi ndilo jina lake. Liandikeni."

"Dada," afisa akasema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya watu, "mambo ya nyumbani tusiyalete huku."

Saru alimtazama kama wauguzi wanavyomtazama mgonjwa anayesumbua. Akamgeukia mtoto, akamshika mkono. Kabla hajaondoka aliniandikia anwani nyuma ya karatasi ya watalii. "Kesho nipo nyumbani baada ya saa nane. Nataka habari za mama yangu, zote."

Jumapili nilikwenda Stechford kwa treni, vituo vichache tu. Saru aliishi ghorofa ya chini ya nyumba ndogo yenye bustani iliyotunzwa. Alinipa chai, alinipa keki, alinitendea kama mgeni, na hakuniambia "karibu" hata mara moja. Aliuliza kimoja kimoja. Paa limetengenezwa? Miguu bado inavimba mvua zikija? Nani anamchotea maji? Nikajibu. Mwishowe nikamwambia la macho: kwamba la kushoto limekwisha, na la kulia nalo limeanza, na kwamba nilikatazwa kuandika.

Aliweka kikombe chini. Akatazama dirishani ambako mtoto alikuwa akicheza na baiskeli ya magurudumu matatu.

"Nafanya kazi hospitali," akasema. "Macho kama hayo tunayatibu kila juma. Ningejua miaka miwili iliyopita, ningemleta hapa kwa namna yoyote."

"Alinikataza."

"Alikukataza kwa sababu ni mama. Wewe ulikuwa mtu mzima mwenye kalamu." Akakisukuma kikombe kando. "Miaka yote hii nasoma barua zako nikidhani namsikia mama."

Nilirudi Saltley mvua ikinyesha. Mama Surjit alinitazama uso, akanipashia chapati.

Siku ya mwisho mabanda yalivunjwa kwa saa chache. Wajapani walifunga televisheni zao moja moja katika maboksi yenye sufi. Trekta la Warusi liliondoka likinguruma. Kibanda chetu wafanyakazi walikivuta kwa kamba kikaanguka upande, wakakitupa katika pipa la takataka nje ya ukumbi, nyasi zikapeperuka hadi kwenye maegesho. Kikapu kikubwa alipewa Mwingereza wa mapambo kama shukrani. Kadi ilikwenda nacho, ingali na jina langu.

Wundanyi nilipokelewa kwa nyimbo. Nilivumilia nyimbo hadi zikaisha, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mama Saru. Alikuwa uani, anasokota mkonge, uso ameuelekeza kwenye jua. Nikamweleza yote: kile nilichomjibu afisa, barua nisiyoiandika, Jumamosi ile, kufumuliwa kwa kazi yangu, maneno ya Saru ya Stechford.

Nilipomaliza alisema, "Dirisha la chifu lilikuwa wazi. Nilikusikia ukisema unajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja uniambie wewe. Ulikuwa na siku nyingi za kufungasha."

Akaendelea kusokota. Kisha akaniuliza mjukuu wake anafanana na nani, nikamweleza paji la uso, meno yaliyoachana, na namna anavyouliza maswali kwa Kiingereza huku akielewa kila kinachosemwa kwa Kitaita. Alisikiliza kwa makini, akatabasamu mara moja, si kwangu. Nilipoinuka kuondoka akasema, "Barua usiniandikie tena, Mwalimu. Nitamwomba katekista."

Saru alikuja mwaka uliofuata, na mtoto. Kwa wakati ule mama yake alikuwa akitofautisha mwanga na giza tu, na daktari wa Mombasa alisema ugonjwa mwingine ulikuwa umeingia nyuma ya mtoto wa jicho, upasuaji hautasaidia kitu. Niliwaona toka uwanja wa shule wamesimama kwenye njia ya kanisani. Mama Saru alikuwa amemshika yule msichana kichwa kwa mikono yote miwili, anamgusa masikio, pua, kidevu, na mtoto amesimama kimya kabisa. Saru aliponiona alinisalimu kwa heshima, kama mtu anavyomsalimu mwalimu wa kijiji, akapita.

Kila mwaka mwalimu mkuu alinitaka niwasimulie wanafunzi niliyoyaona Ulaya. Niliwaambia habari za televisheni ndogo na trekta jekundu, wakafurahi. Sikuwaambia kwamba katika mataifa yote niliyoyaona nilikutana na kitu kimoja, watu waliowekwa mbele ili wenye kazi wasionekane, na kwamba mmoja wao nilikuwa mimi, tena sikulazimishwa na mtu.

Mama Saru alipofariki, kikundi kilinijia. Walitaka niandike wasifu wake na niusome kaburini; mimi ndiye niliyemwandikia miaka mingi, wakasema, na mimi ndiye niliyefika kwa binti yake. Niliwasikiliza hadi mwisho. Ilikuwa kazi ninayoiweza, na ningeifanya vizuri, na watu wangelia.

"Mpigieni Saru simu ya posta," nikawaambia. "Mimi simjui vya kutosha."

Saru alikuja akasoma mwenyewe, kwa Kitaita kilichokuwa kimeanza kupinda. Mimi nilisimama nyuma, pamoja na wanafunzi wangu.